Marsabit, Nchi Pana ya Watu Wachache

Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Dagoretti, ambamo mna mtaa wa Kawangware, ilihesabiwa watu 434,208. Jirani yake Kibra, ambamo mna vijiji vya Kibera, ilihesabiwa watu 185,777. Mwaka huo huo kaunti nzima ya Marsabit, iliyo kaskazini mwa Kenya, ilihesabiwa watu 459,785. Basi kwa idadi ya watu Dagoretti peke yake inakaribia kulingana na Marsabit. Walakini Dagoretti ina kilometa za mraba 29 tu, hali Marsabit ina kilometa za mraba 70,944.

Hesabu hizo zikigawanywa huonyesha mambo ya ajabu. Katika Kibra kila kilometa ya mraba ina watu 15,311, na katika Dagoretti 14,908. Katika Marsabit ina watu 6. Kama ardhi ya Kibra ingegawiwa watu wake sawasawa, kila mmoja angepata kipande cha meta 8 kwa meta 8, na ndani ya kipande hicho zimo njia, mito, shule, misikiti, makanisa na reli. Kama ardhi ya Marsabit ingegawiwa vivyo hivyo, kila mtu, hata mtoto mchanga, angepata ekari 38.

Msomaji anayelipa kodi ya chumba kimoja Kawangware, au mkulima mwenye robo ya ekari, akiyasikia hayo huenda akauliza mara moja: Kwa nini nchi kubwa hivyo ikae bure? Swali hilo si geni. Liliulizwa na watawala wa Kiingereza, likaulizwa na Serikali ya Kenya baada ya Uhuru, na hivi leo linaulizwa na wenye mitaji wanaotafuta upepo na madini. Jibu lake lataka kwanza kuifahamu nchi yenyewe.

NCHI NA HALI YAKE

Kwa jedwali la sensa ya 2019, Marsabit ndiyo kaunti pana kuliko zote za Kenya. Ni karibu sehemu moja kati ya sehemu nane za nchi nzima, na mji wa Nairobi wote pamoja na viunga vyake ungeweza kuingia ndani yake mara mia moja. Upande wa kaskazini imepakana na Ethiopia, mashariki na Wajir, kusini na Isiolo na Samburu, na magharibi maji ya Ziwa Turkana ndiyo mpaka wake. Imegawanyika katika majimbo manne ya uchaguzi: Moyale, North Horr, Saku na Laisamis.

Makao makuu ni mji wa Marsabit, uliojengwa juu ya mlima wenye jina hilo. Mlima huo ulifanywa na volkano zilizozimika zamani, na kilele chake kinafika meta 1,700 hivi juu ya bahari. Asubuhi nyingi ukungu huufunika, miti mikubwa ikanyonya maji ya ukungu huo, na kwa hiyo msitu umestawi katikati ya nchi kavu kama kisiwa baharini. Watu wa mlimani hulima mahindi, maharage na miraa. Katika msitu huo aliishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya Serikali mwaka 1970. Ahmed alikufa mwaka 1974, na mifupa yake imewekwa katika Jumba la Makumbusho la Nairobi, ambapo mwanafunzi wa Kibera aweza kuiona kwa safari ya matatu.

Mtu akishuka mlimani, mambo hubadilika upesi. Kusini yuko katika jangwa la Kaisut. Kaskazini ni uwanda wa Dida Galgalu, uliojaa mawe meusi ya volkano hata upeo wa macho. Magharibi ni Chalbi, jangwa tambarare lenye chumvi, ambalo zamani lilikuwa ziwa. Kandokando ya Chalbi ziko chemchemi za Kalacha, Maikona na North Horr, na hapo ndipo wanyama na watu hukutana. Mbele zaidi ni Mlima Kulal, na chini yake Loiyangalani, kwenye ufuko wa Ziwa Turkana.

Mvua ndiyo bwana wa nchi hii. Masika yatarajiwa kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Lakini katika nyanda za chini mvua ya mwaka mzima aghalabu ni milimeta 200 au pungufu, nayo hainyeshi mahali pote kwa pamoja. Wingu moja laweza kulowesha bonde hili na kuliacha kavu bonde la pili. Mwaka huu nyasi zitaota Kalacha, na mwaka ujao zitaota mwendo wa siku tano kutoka hapo. Asiyelifahamu jambo hilo moja hawezi kufahamu jambo jingine lolote la Marsabit.

WATU NA KAZI ZAO

Wenyeji wa Marsabit ni wa makabila mengi. Wako Waborana, Wagabra, Warendille, Waburji, Wasamburu, Wasakuye na Wagarre. Wako Wadassanech upande wa Ileret, na Waturkana na Waelmolo kando ya ziwa. Waburji wajulikana kwa kilimo na biashara, na Waelmolo ni wavuvi. Wengi waliobaki ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

Watu wa mjini hudhani kwamba mfugaji huhama kwa kuwa hana kwao, au kwa kuwa amekosa elimu ya kukaa mahali pamoja. Kwa kweli huhama kwa hesabu. Kama mvua hainyeshi mahali pamoja, kundi likikaa mahali pamoja litakufa. Kwa hiyo jamaa hugawanya mifugo. Wanyama wachache wa maziwa hubaki karibu na nyumba kwa ajili ya wazee, akina mama na watoto. Waliobaki hupelekwa mbali na vijana, kwenye kambi iitwayo fora, na vijana hao huishi miezi mingi wakifuata nyasi. Nyumba nayo hufunguliwa, miti na mikeka yake ikafungwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena mahali papya. Kwa Wagabra na Warendille kazi ya kuijenga nyumba hiyo ni ya wanawake.

Maji nayo yana sheria. Kwa Waborana, kisima kirefu kina mwangalizi wake aitwaye aba herega, ambaye hupanga zamu: nani anyweshe leo, nani kesho, na wanyama wangapi. Katika visima vilivyo virefu zaidi, vijana husimama mmoja juu ya mwenzake tangu chini mpaka juu, wakipeana ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Mgeni mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa, lakini mwenye kundi kubwa hana ruhusa kulileta bila kuomba zamu. Ni utaratibu usiopungukiwa na chochote mbele ya ule wa foleni ya mitungi katika bomba la Kibera, nao una umri mkubwa zaidi.

Hivyo basi ekari 38 za hesabu ya sensa si mali ya kukalia. Katika nchi hiyo bonde lisilo na mtu mwezi wa Januari ni ghala la mwezi wa Agosti. Likionekana tupu, maana yake ni kwamba nyasi zake zimehifadhiwa, au kwamba zimekwisha kuliwa na sasa zapumzika. Mwenye kulichukua bonde hilo kwa kuwa hakumkuta mtu ndani yake hufanya kama mtu aliyeingia ghalani baada ya mavuno kuuzwa, akatangaza kwamba ghala halina mwenyewe.

MIAKA YA KUFUNGWA

Upungufu wa huduma katika Marsabit haukuletwa na jua peke yake. Waingereza waliichukua sehemu hiyo iwe ngome ya kuwazuia Waethiopia na Waitalia, wakaiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mwaka 1926 wakaitangaza kuwa wilaya iliyofungwa, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka ila kwa pasi. Marsabit ilionekana kuwa mbali kiasi cha kufaa kuwa mahali pa kuwahamishia watu wasiotakiwa. Harry Thuku, mwana wa Kiambu aliyekamatwa Nairobi mwaka 1922, alipelekwa Kismayu na baadaye Marsabit, na hakurudi kwao mpaka mwishoni mwa mwaka 1930.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kaskazini ulikuja pamoja na vita vya mashifta, vilivyodumu hata mwaka 1967. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari katika sehemu hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Zaidi ya hayo, Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 uliweka msimamo kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale zitakapozaa mapato mengi zaidi, yaani penye mvua, udongo mzuri na njia za usafiri. Kwa mkulima wa Kiambu waraka huo ulileta barabara, maziwa ya kuuza na shule. Kwa mfugaji wa Laisamis ulikuwa na maana ya kungoja.

Kungoja huko kulikuwa na gharama ya damu. Penye upungufu wa polisi, wa barabara na wa maji, ugomvi mdogo wa kisima hukua upesi. Mwezi wa Julai 2005 kijiji cha Turbi kilishambuliwa alfajiri, watu zaidi ya 50 wakauawa, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwao. Mwezi wa Aprili 2006 viongozi waliokuwa wakienda Marsabit kwa mazungumzo ya amani walianguka na ndege karibu na mji huo. Walikufa watu 14, na kati yao alikuwemo Dkt. Bonaya Godana, mbunge wa North Horr na waziri wa zamani wa mambo ya nje.

Tangu hapo yako mambo yaliyobadilika. Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, na mwaka 2013 Marsabit ikapata gavana wake wa kwanza. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa karibu kilometa 500, ilikamilika katika miaka iliyofuata. Safari ambayo zamani malori yaliifanya kwa msafara, pamoja na askari wenye bunduki, sasa hufanywa na basi la kawaida kwa siku moja. Lakini barabara hiyo ni uti wa mgongo bila mbavu. Mgonjwa wa Ileret au wa Loiyangalani bado ana safari ndefu ya njia mbovu kabla ya kuufikia mji wa Marsabit.

KINACHOFIKA NAIROBI

Ni kosa kudhani kwamba Nairobi hutoa na Marsabit hupokea tu. Malori yanayopita Isiolo usiku hubeba ng'ombe na mbuzi wa kaskazini, walionunuliwa katika minada kama ule wa Merille. Wengine huishia Kiamaiko, wengine katika machinjio ya Dagoretti, mwendo mfupi kutoka Kawangware. Nyama inayoning'inia katika bucha za mtaa huo yaweza kuwa imelishwa miaka mitatu katika uwanda ambao mlaji wake anauita jangwa.

Umeme nao watoka huko. Kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro kuna njia ya upepo usiokoma, na hapo, katika jimbo la Laisamis, zimesimamishwa mashine 365 za kuzalisha umeme kwa nguvu ya upepo. Kwa pamoja zaweza kutoa megawati 310. Zilikuwa tayari mwaka 2017, zikangoja nyaya mpaka mwaka 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akazizindua rasmi mwezi wa Julai 2019. Umeme wake husafiri zaidi ya kilometa 400 mpaka Suswa, kisha huingia katika gridi ya taifa. Umeme wa nguvu kubwa namna hiyo hauwezi kuingia nyumbani bila kupitia kituo cha kuupunguza, kwa hiyo nyaya hupita juu ya manyatta bila kuwasha taa hata moja chini yake. Taa zinazowashwa nazo ni za mbali, zikiwemo za Kibera na Kawangware.

Hata elimu ya watu wa kale imetokana na ufuko huo. Huko Koobi Fora, kando ya ziwa, ndiko Bernard Ngeneo alikoona mwaka 1972 vipande vya fuvu la binadamu wa kale lililopata sifa duniani kwa jina la 1470. Alikuwa katika kundi la wataalamu la Richard Leakey, na eneo hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi mwaka 1973.

Iko faida nyingine iliyokwenda upande wa pili. Huko Kabete, si mbali na Kawangware, pana makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Mwezi wa Januari 2010 wataalamu wake, pamoja na wenzao, walianzisha Marsabit bima ya mifugo ya namna mpya. Katika bima ya kawaida hapana budi mtu aende kumtazama mnyama aliyekufa, jambo lisilowezekana katika nchi yenye upana huo. Katika bima hii setilaiti hupima kutoka angani ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiasi kilichowekwa, mwenye bima hulipwa, bila kuulizwa mizoga iko wapi. Malipo ya kwanza yalifanywa mwaka 2011. Ni mfano mzuri wa kazi ya wataalamu walioichukua nchi kama ilivyo, badala ya kuitaka ifanane na Kiambu.

Hata hivyo bima haiwezi kuzuia ukame. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mpaka mwanzo wa mwaka 2023 zaidi ya mifugo milioni mbili na nusu ilikuwa imekufa katika sehemu kame za Kenya. Mifugo hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya benki, karo ya shule na maziwa ya watoto. Waliopoteza kila kitu walihamia kandokando ya miji, na baadhi ya vijana wakateremka Nairobi kutafuta kazi ya ulinzi wa usiku.

USHAHIDI WA KIBERA

Sasa lafaa kulirudia lile swali la nchi kukaa bure. Mwenyeji wa Kibera hana haja ya kusafiri kulitafutia jibu, maana Kibera yenyewe iliwahi kuwa nchi pana ya watu wachache.

Tangu mwaka 1904 hivi, askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, ambao asili yao ni Sudan, walianza kukaa huko na jamaa zao. Jina Kibra kwa Kinubi lina maana ya msitu. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari aliyemaliza utumishi wake alipewa ruhusa ya kujenga nyumba, kulima shamba na kufuga ng'ombe. Lakini ruhusa si hati. Mwaka 1928 eneo hilo lilitoka mikononi mwa jeshi, na Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliona kwamba Wanubi walikuwa wapangaji wa Serikali wanaokaa kwa hisani yake.

Mji ulipokua, Kibera ilionekana kuwa na nafasi. Kipande kikachukuliwa kwa mitaa ya nyumba, kingine kwa uwanja wa maonyesho, kingine kikafunikwa na maji ya Bwawa la Nairobi. Leo Jamhuri, Fort Jesus, Ayany, Olympic, Ngei na Otiende zimesimama mahali palipokuwa mashamba na malisho. Katika sehemu iliyobaki walikuja wapangaji kutoka pembe zote za Kenya, vikazaliwa vijiji vya Makina, Lindi, Laini Saba, Kianda, Gatwekera na vinginevyo, na kwa sababu ardhi ilikuwa ya Serikali, aliyejenga hakuwa na hakika kama kesho nyumba yake ingesimama. Mwezi wa Juni 2017, baada ya miaka 99 tangu tangazo lile la 1918, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Hiyo ni karibu ekari moja kati ya kila ekari 15 za mwanzo.

Kawangware ilipita njia nyingine. Dagoretti ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu katika Wilaya ya Kiambu, hata mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa katika miaka ya 1960. Wenye mashamba walikuwa wamepata hati zao. Mji ulipowafikia, waliamua wenyewe nani auze, nani ajenge vyumba vya kupangisha, na nani aendelee kupanda sukuma wiki. Hati haikuzuia msongamano, lakini iliwapa wenye ardhi sauti mezani. Tofauti ya mitaa hiyo miwili haikuletwa na bidii ya watu. Ililetwa na karatasi.

Marsabit ya leo imesimama pale ilipokuwa Kibera ya mwaka 1918. Ardhi iliyopewa kampuni ya umeme wa upepo ni ekari 150,000, ingawa mashine zenyewe hukalia sehemu ndogo yake. Ilitolewa wakati ardhi ya wenyeji ilikuwa chini ya amana ya baraza la wilaya. Wakazi walipeleka shauri mahakamani mwaka 2014, na mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Meru iliamua kwamba hati hizo zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa muda wa mwaka mmoja kulisahihisha jambo hilo. Hakuna aliyesema kwamba upepo usitumiwe. Kilichobishaniwa ni kama wenye malisho waliulizwa.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango. Kwa sheria hiyo jamii yaweza kujiandikisha kwa jina lake, ikachagua kamati ya watu 7 hadi 15, na kupata hati moja ya ardhi yote pamoja na njia za kuhamia na visima. Mapatano ya mwekezaji hapana budi yakubaliwe na theluthi mbili za watu wazima wa jamii katika mkutano. Ardhi isiyoandikishwa hubaki chini ya amana ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo kazi kubwa iliyo mbele ya wazee na vijana wasomi wa Marsabit ni kuandikisha, kabla wageni hawajafika na ramani zao.

HESABU YA VICHWA NA HESABU YA MWENDO

Jambo la pili linalozihusu sehemu zote mbili ni mgawanyo wa fedha za taifa. Katika mwaka 2020 Baraza la Seneti lilishindwa mara nyingi kukubaliana juu ya kanuni mpya ya kuzigawia kaunti fedha. Wengine walidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti za nchi kame, Marsabit ikiwemo, ziliona kwamba zingepunguziwa mafungu yao. Mwezi wa Septemba mapatano yalipatikana: kanuni mpya isianze kutumiwa mpaka fedha zote za kaunti ziongezwe, ili pasiwe na itakayopata pungufu ya ilivyokuwa ikipata.

Madai ya pande zote mbili yalikuwa na haki ndani yake. Mwuguzi wa zahanati ya Kibera hukuta foleni tangu alfajiri, na dawa za mwezi humwishia mapema. Aliye wengi hana budi kuhesabiwa. Lakini mwuguzi wa North Horr, ili awachanje watoto 50, hana budi kukodi gari, kununua petroli na kulala njiani, na pengine kukuta kwamba kambi imehama. Chanjo ni ile ile. Kinachozidi ni gharama ya kuifikisha. Anayehesabu vichwa tu humwonea wa mbali, na anayehesabu mwendo tu humwonea wa msongamano. Ndiyo sababu kanuni hiyo, pamoja na kutazama idadi ya watu na umaskini, iliweka pia asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu wa Kawangware hawezi kuitambua taabu ya kuchota maji mwendo wa nusu siku, wala mfugaji wa Maikona hawezi kuitambua taabu ya watu sita katika chumba kimoja chini ya bati. Lakini wote wawili wamekwisha ambiwa, kwa nyakati mbalimbali, kwamba mahali wanapoishi si pao hasa: mmoja kwa kuwa watu ni wachache mno, mwingine kwa kuwa ni wengi mno. Nchi ni ya wale wanaoitumia kwa maarifa na kuitunza kwa zamu, wawe watu 6 au 15,000 katika kilometa moja. Mwenye kulifahamu hilo, akiisha kusoma jedwali la sensa, ataitazama Marsabit kwa heshima, na atamsihi jirani yake wa kaskazini asichelewe kwenda kwa msajili wa ardhi.